Nyani Aliyeshinda Umeya

Wasee, hii si meme. Mei 2002, mji wa Hartlepool, Uingereza, ulimchagua Stuart Drummond kuwa meya. Kazi yake? Kuvaa nguo ya nyani uwanjani, kuchangamsha mashabiki wa Hartlepool United. (Huko wanasimulia kwamba wavuvi wao wa zamani walinyonga nyani wakidhani ni jasusi Mfaransa.) Ahadi yake: ndizi za bure kwa watoto wa shule.

Labour walizoea kushinda huko. Wakaangushwa.

Nilicheka pia, hadi nikasoma mbele. Jamaa alivua nyani, akaingia ofisini, wakamrudisha 2005, tena 2009. Mimi niliacha chuo, najua vile watu hukuangalia kama wewe ndio kichekesho. Mara tatu si kichekesho, buda. 2012 wenyeji walipiga kura kufuta kiti chenyewe cha meya.