Daftari la mjomba wangu

Mjomba wangu alikuwa mkubwa wa chama cha ukoo wetu, sisi Watabwa wa Marungu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, basi mjomba ndiye mwenye kumfundisha habari za wazee. Yeye alipenda kumfuata Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu kupata upadri, mwaka 1917, ambaye aliandika mawazo na desturi za watu wa Marungu. Akanunua daftari, akaanza.

Aliandika kifo cha chifu Lusinga. Desemba 1884 watu wa Storms, ofisa Mbelgiji aliyekaa bomani Mpala kando ya ziwa Tanganyika, walimwua, wakamkata kichwa. Kichwa hicho kikapelekwa Ulaya. Wazee walipenda ukurasa huo usomwe kwa sauti.

Lakini ukurasa uliofuata ulisema kwamba Lusinga naye alikuwa akikamata watu na kuwauza utumwani. Siku moja wazee walitaka ufutwe.

“Utatuaibisha mbele ya watoto,” walisema.

Mjomba akajibu: “Na wale waliouzwa, hawakuwa na wajomba?”

Wote wakanyamaza. Ukurasa ukabaki.

Mjomba amekwisha kufa, na daftari liko kwangu. Ukoo ukikusanyika tunasoma kurasa zote mbili. Ndugu msomaji, ukiandika habari za jamaa yako, usiandike sifa peke yake. Watoto watakaogundua kwamba uliwaficha neno moja hawatasadiki hata yale ya kweli.