Amina, Neno la Mlezi

Katika ibada zetu ni maneno machache tunayoyatamka mara nyingi kama Amina. Mhubiri hulitumia kutuamsha, mwenyekiti hulitumia kufunga kikao, na watoto hulitambua kama ruhusa ya kufumbua macho. Ni rahisi basi kudhani kwamba maana yake ni "sala imekwisha". Historia yake inatufundisha zaidi ya hapo.

Neno hili ni la Kiebrania. Mzizi wake una herufi tatu, alef, mem na nun, nao unahusu kitu kilicho imara, kinachoweza kuegemewa. Miimo ya milango ya hekalu, ambayo Hezekia aliibandua dhahabu yake (2 Wafalme 18:16), inaitwa kwa neno la mzizi huo. Mikono ya Musa, iliyotegemezwa na Haruni na Huri hata jua likachwa (Kutoka 17:12), inasemwa kuwa thabiti kwa neno la mzizi uo huo. Na Naomi alipompakata mtoto wa Ruthu akawa mlezi wake (Ruthu 4:16), jina la kazi yake nalo linatoka hapo hapo. Mwimo, mkono, mlezi: vyote vitatu hubeba.

Katika Israeli, Amina lilikuwa jibu la mtu aliyesikia. Kumbukumbu la Torati sura ya 27 inaeleza jinsi Walawi watakavyotamka laana 12, na watu wote waitike Amina baada ya kila moja. Mwitikio huo haukufunga sala. Uliwafunga wao wenyewe.

Wayahudi wa Aleksandria walipoyatafsiri Maandiko kwa Kiyunani, kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, mara nyingi waliweka badala yake neno lenye maana ya "na iwe hivyo". Waandishi wa Agano Jipya walilirudisha neno lenyewe. Luka mahali pengine aliandika "kweli" (Luka 9:27), lakini katika Injili ya Yohana Yesu analitamka mara mbili kwa mfululizo, tena mahali 25. Naye alilitumia kwa namna ya pekee. Desturi ilikuwa kuitika Amina mwishoni, kwa neno la mwingine. Yeye alilitanguliza mbele ya neno lake mwenyewe, akijiweka kuwa dhamana yake. Ndiyo maana Ufunuo 3:14 unamwita Kristo Amina.

Tangu hapo neno limevuka mipaka karibu bila kutafsiriwa. Kwa Kilatini ni amen, kwa Kireno amém, kwa Kirusi amin. Katikati ya karne ya 2, huko Roma, Yustino Mfiadini aliandika kwamba kiongozi wa ibada akimaliza kushukuru juu ya mkate na kikombe, watu wote waliohudhuria huitika Amina. Akaona vema kuwafafanulia wasomaji wake kuwa neno hilo ni la Kiebrania.

Lilipofika kwetu halikuwa mgeni kabisa. Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, na kwa njia yake Kiswahili kilikuwa kimekwisha kupokea mzizi huo: amini, imani, amani, amana, mwaminifu. Jirani zetu Waislamu huitika Amin baada ya dua. Katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, Yesu anaanza usemi wake kwa Amin, nasi tunamaliza sala kwa Amina. Ni irabu moja tu inayotofautisha. Tuliangalie hasa neno amana, yaani mali ya mwingine tuliyokabidhiwa tuitunze. Kiswahili kimehifadhi humo uzito ambao midomo yetu imeuzoea mno.

Mtume Paulo aliuliza (1 Wakorintho 14:16) mtu asiyeelewa kilichosemwa ataitikaje Amina. Swali hilo linatuhusu kila tunapoitika kwa mazoea, kabla hata sentensi ya mhubiri haijakamilika. Aliyesema Amina ametia sahihi, na sahihi haitiwi kwenye karatasi isiyosomwa.

Mtoto anapobatizwa mbele yetu, usharika mzima huitika Amina. Wazazi husikia, na Mungu husikia. Baada ya miaka kumi huenda mtoto huyo akakosa ada, au akafiwa na mzazi, au akaacha tu kuonekana Jumapili. Hapo Amina yetu ndipo inapodaiwa. Naomi hakuwa mama wa mtoto yule, wala hawakuwa wa damu moja. Alimtwaa akamweka kifuani, na Maandiko yakamwita kwa jina lililotoka katika mzizi wa neno tunalolitamka kila Jumapili.