Kutoka Manchester hadi Dar es Salaam: Historia ya Mkaguzi wa Viwanda

Sheria za usalama na afya mahali pa kazi, yaani kanuni zinazomlazimu mwajiri kuhakikisha kwamba anayemtumikia haumii wala haugui kwa sababu ya kazi yake, zilianza kutungwa nchini Uingereza mwaka 1802, lakini ilipita zaidi ya miaka 30 kabla hajapatikana mtu aliyelipwa na serikali kuzisimamia. Kwa muda wote huo sheria ilikuwepo na watoto waliendelea kuteseka, kwa kuwa agizo lisilo na msimamizi halimzuii mtu yeyote.

Chimbuko la sheria hiyo lilikuwa homa iliyozuka mwaka 1784 katika viwanda vya kusokota pamba vya Radcliffe, karibu na Manchester. Madaktari walioongozwa na Thomas Percival walichunguza hali ya viwanda hivyo, wakashutumu msongamano, hewa chafu na kazi za usiku walizofanyishwa watoto. Aliyewasilisha muswada bungeni alikuwa Sir Robert Peel, ambaye mwenyewe alikuwa tajiri wa pamba, na sheria iliwahusu hasa wanagenzi, yaani watoto fukara waliokabidhiwa kwa wenye viwanda ili wafanye kazi kwa miaka kadhaa wakipewa chakula na malazi. Iliagiza wasifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, kuta zipakwe chokaa mara mbili kwa mwaka na madirisha yatoshe kuingiza hewa safi. Usimamizi wake, hata hivyo, uliachiwa mahakimu wa kila eneo, ambao walitakiwa kuteua watembeleaji wawili, mmoja hakimu na mwingine kasisi. Watu hao hawakulipwa, hawakuwa na ujuzi wa mitambo, na wengi walikuwa majirani wa wenye viwanda waliotakiwa kuwachunguza, hivyo haishangazi kwamba sheria hiyo haikutekelezwa katika sehemu kubwa ya nchi.

Mabadiliko ya kweli yalikuja na Sheria ya Viwanda ya mwaka 1833, ambayo ilikataza kuajiri watoto walio chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo na, jambo zito zaidi, ikaunda nafasi za wakaguzi wanne walioajiriwa na serikali kuu na kupewa mamlaka ya kuingia kiwandani na kuhoji wafanyakazi. Wanne hao walikabidhiwa maelfu ya viwanda vilivyotawanyika nchi nzima. Ugumu wa kazi yao unaonekana katika suala la umri: uandikishaji wa vizazi wa kiserikali ulikuwa haujaanza, nao ulianza England na Wales mwaka 1837 tu, kwa hiyo daktari alimtazama mtoto urefu na nguvu zake, kisha akaandika cheti kwamba anafanana na mwenye umri unaoruhusiwa. Wazazi waliohitaji ujira wa mtoto walidanganya, na wafanyakazi waliojua ukweli waliogopa kutoa ushahidi wasije wakafukuzwa kazi.

Miongoni mwa wakaguzi hao, Leonard Horner ndiye anayestahili kukumbukwa zaidi, kwani kwa takriban robo karne aliandika taarifa zenye ushahidi mwingi kiasi kwamba Karl Marx alizitumia katika kitabu chake kuhusu mtaji. Uzoefu wa wakaguzi ulizaa Sheria ya mwaka 1844, iliyoagiza saa za kazi zipimwe kwa saa ya hadharani, kwa sababu saa ya kiwandani iliweza kurudishwa nyuma ili kumwibia mfanyakazi dakika zake. Sheria hiyo ndiyo pia iliyoagiza sehemu hatari za mashine zizingirwe, ikiwemo mihimili iliyozunguka kwa kasi kusambaza nguvu kutoka injini hadi mashine, ambayo ilinasa nguo ya mtu na kumvuta mzima mzima. Wenye viwanda walipinga, na mwaka 1855 waliunda chama chao kupigania msimamo kwamba gharama ya vizuizi hivyo haikuwa na sababu. Ni vigumu kuusoma upinzani huo leo bila uchungu.

Baadaye ukaguzi ulipanuka kutoka kwenye ajali hadi kwenye magonjwa. Mwaka 1893 waliajiriwa wakaguzi wanawake wa kwanza, May Abraham na Mary Paterson, na mwaka 1898 Thomas Legge akawa mkaguzi wa kwanza wa kitabibu, akipambana hasa na sumu ya risasi, madini yaliyotumika katika rangi na vyombo vya udongo. Legge alijiuzulu mwaka 1926 serikali yake ilipokataa kuridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti rangi yenye risasi.

Mfumo huo ulifika Afrika Mashariki kupitia utawala wa kikoloni, ambapo Tanganyika na Kenya zilitungiwa sheria za viwanda mwanzoni mwa miaka ya 1950. Udhaifu wa sheria hizo ulikuwa kwamba zilikitazama zaidi kiwanda, ilhali watu wengi walifanya kazi kwingineko, mashambani kwa mfano. Tanzania Bara iliunda Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, mwaka 2001, na Sheria Namba 5 ya mwaka 2003 ikachukua nafasi ya ile ya mkoloni. Kenya ilipata sheria yake mpya mwaka 2007, ikiagiza kamati ya usalama iundwe penye wafanyakazi 20 au zaidi.

Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba Namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, unaompa mkaguzi haki ya kuingia mahali pa kazi bila taarifa, mchana au usiku, na kumkataza kumfichua mtu aliyeleta malalamiko. Hofu iliyowanyamazisha mashahidi wa mwaka 1833 imewekewa kinga, hivyo mfanyakazi anayeona mashine isiyo na kizuizi au anayevuta vumbi bila barakoa apeleke habari hiyo kwa mkaguzi kabla mtu hajaumia.