Je, Mtu ni Mwema kwa Asili? Habari ya Wawindaji wa Ituri

Mkitoka Bunia kwa njia ya Komanda kwenda Mambasa, majani ya vilima yaisha na msitu mkubwa waanza. Katika msitu huo wamekuja wataalamu wengi wa Ulaya kutafuta jibu la swali la zamani: mtu, kabla ya kufundishwa shuleni na kuamriwa na serikali, ni mwema au ni mbaya?

Wengine hawakujali swali hilo. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja, James Harrison, aliwachukua Wambuti sita, wanaume wanne na wanawake wawili, akawapeleka kwao Uingereza. Wakaonyeshwa katika jumba la michezo la Hippodrome huko London, watu wakilipa kiingilio ili kutazama ufupi wao. Walianza safari ya kurudi mwaka 1907.

Padre Paul Schebesta, wa Shirika la Neno la Mungu, alikuja mwaka 1929 kwa nia nyingine kabisa. Alikaa nao kambini, akaandika desturi zao kwa uangalifu. Mwalimu wake, Padre Wilhelm Schmidt, aliamini kwamba kwa watu wadogo wa misituni imebaki imani ya kwanza ya wanadamu katika Mungu mmoja. Twaiheshimu kazi ya mapadre hawa, lakini hapo twasita. Kumfanya jirani yetu kuwa mabaki ya Edeni ni kumnyima dhambi zake, na asiye na dhambi hawezi kusifiwa kwa fadhila.

Twapenda zaidi kisa kimoja kilichosimuliwa na Colin Turnbull, Mwingereza, aliyeishi na Wambuti upande wa Epulu miaka ya 1957 na 1958, akatoa kitabu chake mwaka 1961. Wambuti hao huwinda kwa nyavu. Kila baba hutega wavu wake, nyavu huungana kama nusu duara, nao wanawake na watoto huwafukuza paa kuelekea huko. Siku moja mwindaji mmoja alitega wavu wake kwa siri mbele ya nyavu za wenziwe, ili paa wa kwanza wawe wake. Alionekana. Jioni hakuna aliyempisha mahali pa kuketi, hata vijana. Wakamwambia kwamba yeye ni mnyama, si mtu. Alipojitetea kwamba yeye ni mkubwa wa kundi lake, wakamcheka: basi aende zake na kundi lake! Naye alijua kwamba kundi dogo haliwezi kuwinda kwa nyavu peke yake. Akaomba radhi, wakamnyang'anya nyama yote.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliandika kwamba wanyama wengine wamepewa manyoya, pembe na makucha, bali mtu amepewa akili na mikono, na akili ya mmoja haitoshi. Kwa hiyo ni lazima aishi na wenziwe. Wawindaji wale hawakumsoma Thoma, lakini walimwelewa vema kuliko wasomi wengi.

Tena kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo tunayoipenda. Usiku mwizi yule alikuwa akilia kwa njaa katika kibanda chake. Ndugu mmoja akachukua chungu cha nyama, akaenda kimya gizani. Kilio kikakoma. Baadaye, wanaume walipokuwa wakiuimbia msitu, yeye naye alikuwa kati yao akiimba. Nyimbo zao ni za namna ya pekee: kila mmoja hutoa sauti yake fupi, na wimbo huzaliwa kwa sauti zote pamoja, hata asipokuwapo mmoja pengo lasikika. Uzuri wa namna hii haupatikani kwa mtu mchoyo.

Turnbull huyo huyo alikwenda baadaye kwa Waik, katika milima ya kaskazini ya Uganda, akawakuta katika njaa kali. Kitabu chake cha mwaka 1972 kilisema kwamba hawana upendo hata kidogo, na kwamba upendo si lazima kwa mtu. Mtaalamu wa lugha, Bernd Heine, aliyejifunza habari za Waik, aliyapinga mengi ya hayo mwaka 1985. Twaona kosa ni lile lile la Edeni, limegeuzwa tu: mwandishi anaona kambi moja, katika msimu mmoja, naye anatoa hukumu juu ya wanadamu wote.

Mwishoni mwa mwaka 2002 vikosi vya waasi viliingia Mambasa, katika vita waliyoiita "Futa Ubao", kana kwamba watu ni maandishi ya chaki. Waliua, wakabaka, wakapora. Umoja wa Mataifa ulichunguza ukathibitisha. Maelfu ya watu walikimbilia upande wa Beni. Wambuti nao walitoka msituni, wakaishi katika kambi za wakimbizi pamoja na wanakijiji, wale ambao zamani waliwaita watu wa pori.