Michezo ya video kwenye kipakatalishi kisicho na kadi ya michoro

Vipakatalishi vingi vya bei nafuu havina kadi maalumu ya michoro. Picha huchorwa na sehemu iliyo ndani ya prosesa, ambayo haina kumbukumbu yake yenyewe, bali huazima RAM ya mashine. Hapo ndipo mnunuzi hupunjika, na wauzaji ni nadra kumweleza: kipande kimoja cha RAM cha gigabaiti 8 hupitisha data kwa nusu ya kasi ya vipande viwili vya gigabaiti 4, hivyo mchezo hukwamakwama ingawa jumla ya kumbukumbu ni ile ile. Aliyekwisha kununua na aongeze kipande cha pili, iwapo nafasi ipo. La sivyo, apunguze pikseli kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kazi ya kuchora hupungua kwa zaidi ya nusu.