Wakurya na Wajaluo: majirani wenye mila tofauti za mjane

Wakurya wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanapakana na Wajaluo wa Rorya, wilaya iliyokuwa sehemu ya Tarime hadi mwaka 2007. Jamii zote mbili hufuata ukoo wa baba na hutoa ng'ombe kama mahari. Hata hivyo, hutofautiana kuhusu mwanamke aliyefiwa na mume.

Kwa mila ya Wajaluo, mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, utaratibu uitwao tero. Kwa Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kutoa mahari na kuoa msichana. Hiyo huitwa nyumba ntobhu. Msichana huzaa na mwanamume, lakini watoto huhesabiwa kuwa wa nyumba ya mwanamke aliyetoa ng'ombe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke pekee. Kifungu cha 68 kinampa mjane uhuru wa kukaa atakapo na kuolewa na amtakaye. Kisheria, basi, mjane anaweza kukataa tero. Bali msichana wa nyumba ntobhu hawezi kudai talaka mahakamani, kwa kuwa ndoa yake haitambuliwi.