Dada yetu Kifo: fungu la mwisho la Wimbo wa Viumbe

Wengi wetu tunaujua Wimbo wa Viumbe wa Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Twajua kwamba jua aliliita ndugu, na mwezi na maji aliwaita dada. Lakini wengi huishia hapo. Papa Fransisko naye, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, ambayo jina lake limetoka katika wimbo huo, aliandika mafungu ya jua, mwezi, upepo, maji na moto, wala hakulitia fungu la kifo. Hatushangai, maana alikuwa akisema juu ya kuitunza dunia. Lakini padri na mkatekista, wanaoitwa kila mara penye kilio, fungu hilo linawahusu sana. Basi tutazame lilizaliwa namna gani.

Wimbo huu haukutungwa siku moja. Sehemu kubwa ilitungwa mwaka 1225 huko San Damiano, Fransisko alipokuwa mgonjwa sana wa macho, hata hakuweza kuvumilia mwangaza wa mchana. Aliyelisifu jua hakuweza kulitazama. Baadaye askofu wa Assisi na mkubwa wa mji waligombana, naye akaongeza fungu juu ya wenye kusamehe. Fungu la kifo lilikuja mwisho, mwaka 1226, alipokwisha kujua kwamba hatapona. Vitabu vya kale vya ndugu zake vyasimulia kwamba aliwaita Leo na Angelo wamwimbie. Ndugu Elia akaingiwa na hofu: watu wa mji watasema nini wakisikia mtu aliye karibu kufa anaimba? Fransisko hakukubali kunyamaza. Alifariki Porziuncola, jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226.

Kwa nini alisema dada? Sababu moja ni lugha yake. Katika Kiitalia kifo ni neno la kike. Kiswahili chetu hakigawi maneno hivyo. Kwetu kifo kinakwenda pamoja na kitu na kisu. Kwa hiyo tukisema «Dada yetu Kifo», wasikilizaji wanashtuka, nasi imetupasa kuwaeleza.

Mwingine atauliza: Mtakatifu Paulo hakufundisha kwamba kifo ni adui wa mwisho (1 Kor. 15, 26)? Ndiyo, alifundisha. Naye Fransisko hakusema kwamba kifo ni kitamu. Katika fungu lile lile anakumbusha kwamba hakuna mtu aliye hai awezaye kukikimbia, tena anawaonya wanaokufa katika dhambi kubwa. Halafu anataja kifo cha pili, kama tunavyosoma katika Ufunuo (20, 6), kisichoweza kuwadhuru wanaokutwa katika mapenzi ya Mungu. Basi vifo ni viwili. Kile cha mwili ndicho alichokiita dada, kwa sababu kimewekwa chini ya Bwana yule yule aliyeumba jua na maji. Hakina ufalme wake chenyewe. Undugu huu hautoki katika wema wa kifo. Unatoka kwa Mungu, aliye Baba wa wote.

Kwetu pia tuna mfano wetu juu ya kifo. Mtu akifa, husemwa kwamba «wamemla». Lakini mfano huo unataka mlaji, na jamaa wanaanza kumtafuta. Mara anashitakiwa mjane, mara mzee, mara mtoto yatima, naye anafukuzwa nyumbani. Wakatekista wetu wameona mambo hayo. Mfano wa maneno si pambo tu: unaweza kumtoa mtu katika nyumba yake.

Je, twende tukaseme «Dada yetu Kifo» mbele ya mama aliyefiwa na mtoto wake usiku ule ule? Hapana. Tukumbuke kwamba Fransisko alilisema neno hilo penye kufa kwake mwenyewe. Hakumtwika mwingine katika uchungu wake. Penye kilio tulie pamoja nao wanaolia, maana Yezu mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro (Yoane 11, 35). Tuwaambie jambo moja kwa upole: marehemu yumo mikononi mwa Mungu, asitafutwe mtu wa kulipishwa.

Neno lenyewe la Fransisko tulifundishe mapema, katika katekisimu, watu wakiwa wazima na wenye nguvu. Nasi wafundishaji tuanze kujifunza. Kila jioni, katika Kompleta, Eklezya inatuweka kuomba mwisho mwema. Tusiipite sala hiyo upesi upesi. Anayejifunza kila usiku kujikabidhi kwa Mungu, siku ya mwisho atamjua anayebisha hodi, wala hatauliza ni nani aliyemtuma.